Kilio cha Kupimia Levo

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Siku mbaya. Mashine imekuja. Amepewa Clavery.

Niandike kwa utaratibu. Baada ya misa ya asubuhi yule Mama Mdenishi alitukusanya kigangoni akatuonyesha rekoda yake. Nyeusi. Ukubwa wa kitabu cha misale. Inakula kanda moja ndogo kama pakiti ya sigara. Akasema ni ya dijitali. Neno hilo alilisema mara kumi na moja, nilihesabu. Mfuko wake unanuka dagaa kwa sababu wiki mbili zilizopita mashine ilikuwa Bumbire, visiwani Muleba, kwa wavuvi. Sasa ni zamu yetu Kanazi.

Kazi yenyewe ni hii: wazazi wanaougua waache sauti zao, ili watoto waje kuzisikia wakikua. Ugonjwa hakuutaja jina. Hakuna aliyeuliza. Wiki iliyopita tulizika Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Wa kwanza kurekodiwa ni Petronila, Ijumaa hii. Petronila! Sauti ya kwanza ya kwaya yangu kwa miaka kumi na minne! Mume wake alitangulia mwaka juzi, sasa ni yeye, na binti yao Joviana ana miaka tisa. Nani mwenye haki na sauti ile kama si mimi niliyeifundisha?

Mama Mdenishi akauliza nani anajua mitambo. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Redio kaseti ya spika mbili ninayo, harusi thelathini na moja nimerekodi, kila mtu anajua. Lakini Clavery, fundi seremala, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akanyanyua mkono polepole kama mtu anayejikuna, akasema kwa sauti ya chini kwamba wakati wa vita alibeba redio ya jeshi hadi ndani ya Uganda. Watu wakapiga makofi!

Vita imekwisha miaka kumi na minne, bado inampa vyeo. Mimi wakati ule nilikuwa Muleba nikilinda mbuzi wa mama. Mbuzi wote sita walirudi salama. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Jumanne, 9 Novemba

Leo Clavery amefundishwa mashine. Nilikwenda kigangoni kushona vitabu vya nyimbo vilivyochakaa. Ilitokea tu kwamba vitabu hivyo viko chumba kilekile.

Nimesikia yote. Kuna matundu mawili ya kuchomeka waya: moja la maiki, jingine la kuchukua sauti kutoka redio. Ukikosea tundu hupati kitu. Kuna swichi ya maiki, juu na chini. Kuna kitufe cha kuzuia sauti isipasuke. Kuna namba tatu, thelathini na mbili, arobaini na nne, arobaini na nane, na ukichagua kubwa sauti inakuwa safi zaidi. Na kuna levo, kiwango cha sauti, kutoka sifuri hadi kumi. Kioo kinaonyesha vijistari vinavyopanda na kushuka mtu akisema. Vikigonga mwisho, sauti imeharibika.

Mama Mdenishi alisisitiza jambo moja. Kabla ya kurekodi, sikia kwanza sauti kubwa kuliko zote utakazorekodi, upange levo kwa hiyo. Ndipo Clavery akageuka, akaniona nyuma ya vitabu, akaniomba kwa heshima niimbe kidogo apimie.

Mimi! Kipimo!

Niliimba. Niliimba kwa nguvu zangu zote, ubeti wote wa kwanza wa wimbo wa Pasaka. Clavery akavua hedifoni, akasugua sikio, akaniomba nirudi nyuma hatua mbili. Mama Mdenishi akaandika kitu kwenye daftari. Nikarudi nyuma. Akaniomba nirudi tena mbili. Nikajikuta nimesimama nje ya mlango.

Bernadeta mke wangu anauliza kwa nini sili. Nimemwambia ni tumbo.

Jumatano, 10 Novemba

Nimemtembelea Petronila. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Nilipeleka ndizi na samaki kidogo, na swali moja ambalo nililizungusha kwa ustadi: je, kama mtu angeweza kuchagua, angependa sauti yake irekodiwe na seremala au na mwalimu wake?

Hakulisikia swali. Au alilisikia. Alikuwa amekaa mkekani, shuka begani, amekonda hadi mikono inaonekana mirefu. Akasema, "Mwalimu, usinichekeshe waitu, jamani, koo linauma."

Kisha akaniambia kitu ambacho kimenikaa kifuani. Anaiogopa Ijumaa. Siku tatu anatafuta maneno na hayapati. Kila akijaribu anajisikia anasema kigonjwa, kama mtu anayeaga. "Sitaki Joviana anisikie mgonjwa," akasema. "Wagonjwa ameshawasikia wengi. Nataka anisikie mimi."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Halafu nikafikiri: hiyo ndiyo sababu hasa ya kunihitaji mimi! Clavery atajua nini cha kumtoa mtu sauti yake ya kweli? Kazi yake ni misumari. Siku hizi anatengeneza majeneza tu, maskini, hata kiti hajatengeneza tangu Pasaka.

Nimepata mpango. Kesho asubuhi Clavery atakuwa kwenye banda lake la mbao, njia panda. Mashine iko nyumbani kwake. Nitaiazima saa moja tu. Nitajifunza kupanga kila swichi hadi niwe bora kuliko yeye. Ijumaa akibabaika mbele ya watu (na atababaika), nitasogea taratibu na kusema, niruhusuni. Basi.

Mpango safi. Hauna kasoro.

Alhamisi, 11 Novemba

Mungu nisamehe. Nimemwua mtu ambaye hajafa.

Saa nne nilikwenda kwa Clavery. Mke wake, Immakulata, alikuwa anachambua senene, kikapu kizima, mabawa yamejaa uani. Nikamwambia nimetumwa mashine ikasafishwe maiki, ina dagaa. Akanipa bila neno. Nikamsihi asimwambie mume wake, iwe kama zawadi. Akasema sawa, macho kwenye senene.

Nyumbani sikuweza kwenda, Bernadeta ana maswali. Nikaingia katikati ya migomba, mpakani pangu na Petronila, nikakaa juu ya majani makavu. Nikaweka kanda. Nikachomeka waya. Nikabonyeza. Nikasema moja, mbili, tatu.

Vijistari vimelala.

Nikapandisha levo hadi saba. Nikakohoa. Vimelala. Levo tisa. Nikaimba. Vimelala fofofo! Nikaweka levo kumi, swichi ya maiki juu, nikazima kitufe cha kuzuia, nikachagua namba kubwa, arobaini na nane. Hakuna. Nilikaribia kuirusha mgombani. Ndipo nikaona waya. Tundu la redio! Nikauhamisha kwenye tundu la maiki. Jani moja likaanguka mbali kule, vijistari vikaruka.

Furaha niliyoisikia! Nikakumbuka sheria: sikia kwanza sauti kubwa kuliko zote. Nikajiuliza, hapa Kanazi, sauti kubwa kuliko zote ni ipi? Si kengele. Si lori la kahawa. Miaka hii kila mtoto anaijua.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilisimama, nikaweka mikono kichwani kama inavyopaswa, nikapiga kilio cha msiba, nikimwita mama kwa Kihaya.

"Mawe! Mawe! Mawe weee! Tumekwisha!"

Nilikipiga mara tatu, maana mara ya kwanza vijistari vilipanda haraka mno nikashindwa kuvisoma. Kilio kizuri, nisifiche. Kilitoka tumboni.

Halafu nikasikia majembe yakianguka. Kilio cha mwanamke mmoja kikajibu kutoka bondeni, kingine kutoka njia panda, na miguu ya watu ikaanza kukimbia. Na sauti yangu ilikuwa imetokea wapi? Upande wa Petronila. Na nani Kanazi nzima alikuwa anasubiriwa?

Niliifukia mashine kwenye majani makavu nikakimbia. Nimekaa chooni kwangu hadi saa saba mchana. Nilisikia kelele za mbali tu, kisha kitu kama kicheko, nikadhani ni hofu inanichezea.

Bernadeta ndiye aliyenisimulia baadaye, akinitazama kwa jicho moja. Watu zaidi ya arobaini walifika kwa Petronila wakilia, na mikeka, ndizi, kuni, hata vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Clavery alikuja mbio na futi ya kupimia jeneza mkononi. Walipofika uani mlango ukafunguka, na marehemu akatoka amejifunga shuka, akauliza ni nani amekufa.

Saa tisa nimeichukua mashine. Betri zimekwisha, nimeweka za redio yangu. Nimeirudisha kwa Immakulata. Akauliza kama dagaa wametoka. Nimemwambia wametoka.

Ijumaa, 12 Novemba

Kurekodi kumeshindikana. Si kosa la Clavery, na hilo linaniuma pia, maana nilikuwa nimejiandaa liwe kosa lake.

Alipanga kila kitu vizuri, nilisimama karibu nikakagua. Tundu sahihi. Levo nne. Lakini jana imemmaliza Petronila. Koo limefunga. Akafungua mdomo ikatoka pumzi tu. Akajaribu mara mbili, kisha akatikisa kichwa na kumtazama Joviana, ambaye alikuwa amevalishwa gauni la komunyo kwa ajili ya shughuli hii. Clavery akakunja waya polepole.

Nilitoka nje. Niliona aibu na hasira na sikujua ipi ni ya nani. Kama nisingelia jana! Mtu yule angetumia nguvu zake leo. Niliandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Iache.

Kuna jingine. Mzee wa ukoo, Ta Rugaibula, ametangaza kwamba aliyelia msiba wa mtu aliye hai ajitokeze, alete mbuzi mmoja na vibuyu vitatu vya rubisi, watu wanywe pamoja na aliyeliliwa ili kilio kifutike. Asipojitokeza atatafutwa. Aliposema hivyo aliangalia kila mtu usoni, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumamosi, 13 Novemba

Haya niliyosikia leo sijui niyaweke wapi.

Clavery alituita uani kwa Petronila. Akasema jana alikuwa na huzuni hata akasahau kukagua kanda, leo asubuhi ameikagua, na kuna kitu ndani. Amekuja na spika ndogo ya Mama Mdenishi. Petronila akatolewa nje, akaegemezwa kwenye mito. Clavery akabonyeza.

Kwanza mlipuko wa kilio, kile changu, maana juzi niliifukia mashine bila kuizima. Kimepasukapasuka, kibaya, hakitambuliki hata kidogo. Nikashukuru Mungu na nikaumia kwa wakati mmoja. Halafu miguu, halafu vilio vya watu, na kisha, wazi kabisa kama yuko mezani, Petronila:

"Mawe! Nani amekufa?"

Mtu akaangusha kuni. Na Petronila akaanza kucheka.

Kicheko kile! Kile cha zamani, kinachoanzia chini na kupanda ngazi kwa ngazi, ambacho kiliwahi kuniharibia Mkesha wa Krismasi mbele ya Paroko. Alicheka hadi wengine wote wakacheka, na wanawake waliokuwa wakilia wakawa wanacheka wakilia. Kisha akawaambia wakae, ndizi zipikwe, zisirudi nyumbani. Mikeka ikatandikwa kwenye migomba, ndiyo maana sauti iko karibu. Akawauliza walikuwa wanasema nini njiani walipokuwa wakimlilia. Wakaona haya. Akawaambia, "Semeni tena waitu, safari hii nasikia." Wakasema! Mmoja mmoja, wakimsifu usoni, naye akiwasahihisha tarehe.

Kisha akamwita Joviana. Akamwambia awatazame watu hawa. Huyu ameleta mkeka, huyu kuni, yule alikimbia hadi akapoteza kiatu. "Walionililia leo wote ni wako," akasema. "Ukiwa na shida, nenda kwao. Hawawezi kusema hawakujui, wamelia mbele yangu."

Uani sote tukageuka kumtazama. Petronila mwenyewe alikuwa amefumba macho, anajisikiliza, na midomo yake inafuata kile kicheko bila sauti. Akamshika Joviana mkono akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo hii.

Kisha watu wakamgeukia Clavery! Wakamshika mkono! Fundi kweli, jeshi limemfunza, ameificha mashine mahali ili kupata sauti halisi! Clavery akasema wazi kwamba si yeye, aliikuta tu imerekodi. Wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu wake.

Levo kumi ile ilikuwa yangu! Maiki juu ilikuwa yangu! Kwa levo nne ya Clavery mngesikia majani tu! Nilifungua mdomo. Ta Rugaibula akanigeukia. Nikaufunga.

Mbuzi na vibuyu vitatu. Lakini si mbuzi. Ni kusimama mbele yao wote na kusema, mimi ndiye. Sikuweza.

Sehemu ya mwisho ya kanda Clavery aliwasikilizisha kwa hedifoni, betri za spika zilikuwa zimechoka. Mimi aliniweka wa mwisho. Zamu yangu ilipofika, Petronila wa kwenye kanda alikuwa anasema, "Clavery naye, na futi yake! Clavery, wewe ni mtu wa kutegemewa." Nikavua hedifoni. Nimeshasikia sifa za Clavery za kutosha kwa siku moja. Clavery akaniuliza mbona sikusikiliza hadi mwisho. Nimemwambia sikio linauma.

Jumatano, 17 Novemba

Petronila amekufa leo saa tatu asubuhi.

Kilio kilipigwa na mama yake. Nilikuwa shambani. Nilisimama na jembe. Na mwenzangu wa bonde la pili naye akasimama na jembe, akanipigia kelele, je, ni kweli au ni kama juzi? Kanazi nzima ilisimama hivyo. Hakuna aliyekimbia. Kilio kikaendelea peke yake, muda mrefu, hakuna aliyekijibu.

Mimi nilijua ni kweli. Mimi peke yangu nilijua kwamba mtu wa kilio cha uongo alikuwa amesimama hapa na jembe. Miguu yangu haikunyanyuka.

Ni Clavery aliyetoka bandani, akavua kofia, akaanza kutembea kuelekea kule bila kusema. Watu walipomwona wakaangusha majembe wakamfuata. Hata kifo hawaamini mpaka Clavery avue kofia. Hata leo nimeliona hilo. Hata leo.

Ijumaa, 19 Novemba

Tumemzika jana. Mvua. Kwaya iliimba bila sauti ya kwanza, na kila tulipofika mahali pake tulinyamaza kidogo tukingoja. Nilishindwa kupunga mikono. Nililia, na safari hii kilitoka kibaya, kidogo, hakikufika hata kwenye migomba.

Jeneza lilikuwa zuri. Amelipiga randa mpaka linang'aa. Nililigusa. Sikuona pa kulaumu.

Jumamosi, 20 Novemba

Wananihitaji! Wamenijia wenyewe!

Jambo lenyewe ni hili. Mama Mdenishi anaondoka Jumatatu na mashine yake na kanda zake. Kanda ile ndogo haichezwi na redio yoyote Bukoba, labda hata nchi nzima. Kwa hiyo Joviana akipewa, ni sawa na kupewa kipande cha plastiki. Lazima sauti ihamishiwe kwenye kaseti ya kawaida. Na redio kaseti yenye tundu la kupokea sauti kutoka mashine nyingine, hapa Kanazi, anayo nani?

Clavery alileta mashine mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Akasema, "Mwalimu, hii kazi ni yako, mimi siiwezi." Akasema ni vizuri niifanye peke yangu, kwa utulivu, na nisikilize hadi mwisho. Akasisitiza hilo la mwisho mara mbili. Anapenda nisikie sifa zake, bila shaka.

Kazi nimeifanya kitaalamu. Kaseti mpya ya dakika sitini. Waya kwenye tundu sahihi. Levo tano, vijistari vinacheza katikati kama wanafunzi wenye adabu. Nikaona kazi kubwa kama hii haiwezi kuanza hivihivi. Nikafungua kwa maneno machache: jina langu kamili, cheo changu, idadi ya harusi nilizorekodi, na maelezo ya mashine zote mbili. Dakika saba.

Kile kilio cha mwanzo nimekiruka. Kibaya, na hakina faida kwa mtoto. Nimeanza na "Nani amekufa?" Kicheko kimeingia chote. Nilikisikiliza nimepiga magoti sakafuni, nikitazama vijistari vikipanda ngazi kwa ngazi pamoja naye, na nilisahau kwa muda kwamba mimi ni nani na nina ugomvi na nani. Maneno ya Joviana yote yameingia. Mikeka, kuni, kiatu kilichopotea. Safi kuliko hata kanda yenyewe, nadhani.

Halafu ikaja: "Clavery naye, na futi yake!"

Upande wa kaseti ulikuwa bado una dakika nane. Nikafikiri. Je, mtoto wa watu anahitaji kweli kukua akisikia habari za futi? Nikabonyeza kuzima. Nafasi iliyobaki nimejaza kwaya yangu, wimbo wa Pasaka. Upande wa pili pia kwaya. Ni zawadi nzuri kwa msichana.

Joviana amekuja na bibi yake kuichukua. Tumeisikiliza pamoja mara moja. Alipofikia kicheko aliweka kiganja kwenye spika, akakiacha hapo. Wimbo wa Pasaka ulipoingia akaniuliza kama mama alisema kingine chochote baada ya hapo. Nimemwambia hapana. Ni habari za ufundi tu.

Jumatatu, 22 Novemba

Tumekwenda mjini Bukoba kumsindikiza Mama Mdenishi. Meli ya Mwanza. Amepanda na mfuko wake wa dagaa, kanda zote ndani, ametupungia mpaka akawa mdogo. Anarudi kwao moja kwa moja.

Tulipokuwa tumesimama gatini, Clavery akanikaribia. Alikuwa na haya, alikuwa anaangalia viatu vyake. Akaniuliza nilijisikiaje nilipofika ile sehemu ya mwisho. Akasema tangu alipoisikia alitaka niisikie peke yangu, ndiyo maana hakuwaambia watu, ndiyo maana alinyamaza kwa Ta Rugaibula, na ndiyo maana kazi ya kaseti alinipa mimi.

Nikasema ilinigusa sana.

Kisha nikamwuliza, kama kwa bahati mbaya, anakumbuka maneno yenyewe yalivyokwenda? Anayakumbuka neno kwa neno, jeshini walifundishwa. Baada ya kumtania kuhusu futi, watu walipokwenda kula na Joviana kulala mapajani mwake, Petronila alisema hivi kwa sauti ya chini ambayo mashine tu iliidaka:

"Na yule aliyeanza kulia mimi namjua. Hapa Kanazi hakuna mwingine anayeanza juu vile akakosa pa kushukia. Ni Mwalimu Privatus. Mwacheni, msimtoze kitu. Aliniona mtu wa kuliliwa kabla ya wengine wote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba. Joviana, mwaka ujao ingia kwaya yake, umwambie nimekutuma."

Meli ikapiga honi. Clavery akaniwekea mkono begani, akasema kaseti ile Joviana ataisikia maisha yake yote, na jina langu liko ndani. Nikasema ndiyo. Dakika saba nzima, nikasema. Hakuelewa.

Tumerudi. Sasa nimekaa mezani. Nimefikiri kwa kina, nimejichunguza bila huruma, na nimeona wazi kosa limetokea wapi: Clavery angesema mapema. Mtu anayekaa na sifa za mwenzake wiki nzima bila kuzitoa, huo ni wivu.

Nimeanza barua kwenda Denmark. Naomba nitumiwe kipande kile cha mwisho, kuanzia "Na yule aliyeanza kulia." Nimeeleza kwa herufi kubwa kwamba kile cha Clavery, kinachotangulia, kisije.